Kabla mtoto hajaenda kwa tate mlimani

Wamama wapenzi, likizo ya Pasaka imekaribia, na wengi wetu tumeanza kufunga mizigo ya watoto wanaokwenda kwa tate, Masisi, Kalehe ao Lubero. Habari ya usalama wa barabara kila mama anaijua ya upande wake. Mimi leo nasema juu ya mlima wenyewe, maana huu ni wakati wa mvua nyingi.

Nilipofundisha Ruwenzori, mtoto mmoja aliuliza kama ile theluji inaweza kuangukia watu. Ndiyo, inaweza: tabaka ya juu inateleza juu ya ile ya chini, na yote inashuka pamoja. Kwetu kinachoteleza ni udongo. Mvua ikinyesha siku nyingi, udongo unakunywa maji na kuwa mzito. Maji yakifika kwenye mwamba, unateleza kama sabuni. Mizizi ingeushika, lakini miti tumeikata. Nasema tumeikata, kwa sababu makala yake yanawaka katika mbabula zetu hapa Goma.

Nyamukubi, katika Kalehe, siku ya soko ni Alhamisi. Alhamisi tarehe 4 Mei 2023 mvua kubwa ilijaza mito, na maji, matope na mawe vikashuka juu ya Nyamukubi na Bushushu. Watu zaidi ya 400 walikufa, na wengine wengi hawakuonekana tena. Soko lilikuwa limevuta watu wa vijiji vingine. Siku mbili tu mbele yake, usiku wa tarehe 2 kuamkia tarehe 3, mvua iliua zaidi ya watu 120 kwa jirani zetu Rwanda, hata Rubavu hapa ng'ambo ya mpaka.

Alama ninayotaka kila mtoto aijue ni ya mto. Mvua inanyesha, lakini mto unapungua ghafula: kule juu udongo umeuziba, na maji yanajikusanya nyuma. Asishuke kutazama, wala kuokota samaki. Akimbie kando, akipanda, asifuate bonde. Kuna pia nyufa mpya ardhini ao ukutani, mlango unaoanza kukwama bila sababu, miti inayoinama, chemchemi inayotoa matope.

Basi mpigie tate simu. Nyumba iko chini ya mteremko uliokatwa? Iko kwenye mdomo wa bonde? Mvua ikipiga usiku kucha, watalala kwa nani? Tate wengi watajibu kwamba wamezaliwa hapo na mlima haujawahi kuanguka. Jibu hilo halinitoshi: miti aliyoikuta akiwa binti haiko tena. Na kama kipande kimeanguka, mtu asirudi kuchukua mbuzi ao godoro, maana kipande cha pili kinaweza kufuata.

Wangu nitawatuma mwezi wa saba, mvua ikishakatika.