Tahadhari: Hesabu Makovu ya Mtoto Mtundu

Mzazi, leo jioni ukimwogesha yule mwanao asiyetulia, hesabu makovu yake. La uji wa moto, la bati, la kidevu alichopasua akiruka ngazi. Ukifika la nne au la tano, acha kusema "huyu mtundu tu".  Shule zikifungwa atashinda nyumbani, jiko la mkaa liko sakafuni na bodaboda zinapita mlangoni.

Wapo watoto ambao utundu wao unatokana na hali ya ubongo iitwayo ADHD. Umakini hautulii, kukaa hawawezi, na mguu huondoka kabla akili haijasema "subiri". Hukadiriwa kuwapata watoto kama 5 katika kila 100 duniani. Sisi tumezoea kuipima kwa ripoti ya shule na malalamiko ya mwalimu, kumbe mwili ndio unaoumia. Mpira ukikimbilia barabarani, naye yumo barabarani. Sufuria ikitokota, keshaivuta.

Mwaka 2015 watafiti wa Denmark walichapisha matokeo ya kufuatilia watu milioni 1.92. Kwa wenye ADHD, ambao walikuwa 32,061, kiwango cha vifo kilikuwa takriban mara mbili ya cha wenzao, na ajali ndizo zilizoongoza. Waliogunduliwa wakiwa wamefikisha miaka 18 kiwango chao kilizidi mara nne. Sipendi kutisha watu: waliofariki kati ya wenye ADHD wote walikuwa 107. Lakini hiyo ni Denmark, nchi ya njia za baiskeli, ambako hakuna anayepikia mkaa sakafuni.

Ajali si mwisho wa habari. Wengi wenye hali hii hawapati usingizi wa kutosha, unene huwapata zaidi ya wenzao, na ujanani huingia kwenye sigara mapema.

Na wakati mwingine mambo huwa kinyume: mwili ndio unaosumbua, tabia ikasingiziwa. Mtoto anayekoroma kwa sababu ya nyama za puani halali vizuri, na asubuhi huwa mkorofi darasani. Asiyesikia vizuri huonekana hasikilizi. Upungufu wa damu nao humfanya asinzie na kupotewa na mawazo. Yote haya hupimwa kwanza, kabla mtoto hajabandikwa jina.

Usinunue vidonge kwa kunong'onezana dirishani mwa duka la dawa, wala usiazime vya mtoto wa jirani. Dawa kama methilifenideti husaidia wengi, tena zimeonekana kupunguza majeraha, lakini hupandisha mapigo ya moyo na shinikizo la damu na hukata hamu ya kula. Ndiyo maana daktari hupima moyo, uzito na urefu kabla ya kuanza, kisha hurudia. Fimbo nayo haijawahi kumtibu yeyote. Inaongeza kovu jingine la kuhesabu.

Kazi ya usiku huu ni hii. Jiko lipande juu au lizungushiwe kizuizi. Mafuta ya taa yatoke kwenye chupa ya soda, maana mtoto huyu atakunywa kwanza, harufu ataisikia baadaye. Pipa na kisima vifunikwe. Mpe mtu mzima mmoja, kwa jina, kazi ya kumwangalia, kwa sababu mtoto wa kuangaliwa na wote haangaliwi na mtu.

Akiungua, mmiminie maji baridi ya bomba kwa dakika 20, usimpake dawa ya meno wala mafuta. Akinywa mafuta ya taa, usimtapishe wala usimpe maziwa, mkimbize hospitali.

Asubuhi mpeleke kliniki. Daktari akikuuliza anaendeleaje shuleni, mjibu, kisha mtajie na idadi ya makovu.