UTANI UNATAKA NYUMBA MBILI



Mama mmoja wa upande wa Itilima ameniandikia barua. Jina lake silitaji, maana habari yenyewe ni ya nyumbani. Anasema mwanawe wa miaka 12 alikuwa mtoto wa adabu siku zote. Mwezi uliopita binamu yake alikuja kutoka Mwanza na simu iliyojaa katuni. Watoto wakakaa nayo chini ya mwembe, wakicheka kutwa. Jumapili jioni watu wamezunguka sinia la ugali, baba akamwambia mtoto anawe mikono. Mtoto akamjibu, na katika kujibu akamwita baba yake kwa jina lake tupu, kama amwitavyo mwenzake wa kuchunga ng'ombe.

Nyumba ikanyamaza. Baba akainuka kutafuta fimbo. Bibi ndiye aliyesimama katikati. Baadaye mama akamwuliza mtoto, “Umepatwa na nini?” Mtoto akalia akasema, “Kwenye katuni anamwita baba yake hivyo, na watu wote wanacheka.”

Mama huyo auliza: Je, katuni hizi ni za shetani? Niivunje simu?

Mama, usiivunje simu. Si yako, ni ya mtoto wa kaka yako, nawe utailipa. Lakini swali lako ni kubwa, na wazazi wengi wa Bariadi, Maswa na Meatu wanalo moyoni. Basi tulizungumze leo.

Katuni uliyonieleza, ya watu wenye ngozi ya manjano, yaitwa The Simpsons. Ilitungwa na Mmarekani aitwaye Matt Groening, na tangu Desemba 1989 imekuwa ikionyeshwa kwenye televisheni. Ni habari za jamaa moja: baba Homer, mlafi na mvivu, mama Marge, mvumilivu, Bart, mtoto mtundu ambaye kweli humwita baba yake kwa jina, Lisa, mwenye akili, na Maggie, mtoto mchanga. Kazi ya katuni hii ni utani. Hutania serikali, hutania matajiri, hutania makanisa, na zaidi ya yote hutania hadithi za watu wengine.

Mojawapo ya hadithi inazozitania mara nyingi ni Star Wars, yaani vita vya nyota, iliyoanzishwa na George Lucas mwaka 1977. Ni hadithi ya vita vya angani. Kijana Luke, aliyelelewa shambani, apigana na mtu wa kutisha aliyefunikwa chuma cheusi usoni, Darth Vader. Katika sinema ya pili, ya mwaka 1980, yajulikana kwamba mtu huyo mbaya ndiye baba yake.

Wengine watasema: mambo hayo ya Marekani yatuhusu nini sisi wakulima wa pamba? Yatuhusu, maana yameingia ndani ya nyumba zetu. Tena, nilipomsimulia mzee mmoja jirani yangu, Mnyantuzu, jinsi katuni moja inavyoicheka sinema nyingine, alitikisa kichwa akasema, “Kumbe! Hao ni Bagika na Bagalu tu.”

Mzee amesema kweli. Twajua sote habari za Ngika na Gumha, mafundi wawili wa ngoma wa karne ya 19. Walishindana kwa ngoma na kwa dawa. Wafuasi wa Ngika wakawa Bagika, wafuasi wa Gumha wakawa Bagalu, na mashindano hayo wakayarithi wajukuu. Baada ya mavuno makundi mawili hupiga ngoma wakati mmoja, uwanja mmoja, kila kundi upande wake, na watu hukimbilia kule kunakonoga. Mwenye watu wengi ndiye mshindi. Manju huinuka akaimba akiwadhihaki wa upande wa pili. Yule wa pili naye huyachukua maneno yale yale, akayageuza na kumrudishia. Wimbo wa leo hujibu wimbo wa jana.

Basi utani una sheria zake, msomaji. Nitataja tatu.

Sheria ya kwanza: lazima umjue unayemtania. Mwaka 1995 katuni hii ilimwonyesha Lisa akimlilia mzee mpiga saksofoni aliyekufa. Mzee akamtokea mawinguni. Ghafula pembeni yake wakatokea na wengine: simba Mufasa, kisha Darth Vader, kisha mtu wa kawaida. Wazee wa Marekani walicheka sana. Kwa nini? Kwa sababu wote watatu ni sauti moja! Mwigizaji James Earl Jones, aliyefariki mwaka 2024, ndiye aliyempa sauti Darth Vader mwaka 1977, ndiye pia aliyempa sauti Mufasa katika sinema The Lion King ya mwaka 1994, ile ambayo majina yake mengine yametoka kwetu, kama Simba na Rafiki. Na yule mtu wa kawaida wa mawinguni alikuwa yeye mwenyewe. Asiyejua hayo aona mawingu tu. Atacheka kwa kuwa wenzake wanacheka.

Ndivyo ilivyo hata katika mambo matakatifu. Bwana wetu alipomtaja Yona, na alipomtaja nyoka aliyeinuliwa na Musa jangwani, alisema na watu waliolijua Agano la Kale. Asiyelijua husikia jina la samaki na nyoka, basi.

Nawe usidhani kwamba siku zote sisi ndio tusiojua. Katika sinema ya Star Wars ya mwaka 1983 yumo rubani wa ajabu mwenye mashavu makubwa, aitwaye Nien Nunb. Wazungu walidhani anasema lugha ya nyota. Kumbe sauti ni ya Kipsang Rotich, mwanafunzi kutoka Kenya, naye anasema Kikikuyu! Walioijua lugha hiyo walimwelewa pasipo kutafsiriwa, na wengine wote wakabaki kutazama mashavu.

Sheria ya pili: mtani ana haki ya kujibu, na akitaniwa hukubali. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu siku za misafara ya wapagazi. Mmoja akimwambia mwenziwe neno kali, mwenzie hakimbilii mahakamani. Hutafuta neno kali zaidi. Msiba ukitokea, mtani ndiye wa kwanza kufika, akachekesha waliao na kusaidia kazi. Hata wale wa katuni walifuata desturi hiyo. Mwaka 1998 Mark Hamill, mwigizaji wa Luke, alikuja mwenyewe katika The Simpsons, akatoa sauti yake na kujiigiza, akachekwa kwa hiari yake. Huyo ni mtani wa kweli.

Sheria ya tatu ndiyo kubwa: utani wafaa pale tu unaposema kweli. Mwaka 2004 katuni ilitunga sinema ya uwongo, Cosmic Wars, na kila mtu alijua ni Star Wars inayosemwa. Bart na Lisa wakaenda kuitazama sinema mpya wakiwa na hamu kubwa, wakatoka wamechukizwa. Wakaenda hadi kwa mwenye sinema kumlaumu kwamba ameijaza mitambo na kuisahau hadithi. Hayo ndiyo wapenzi wengi wa Star Wars waliyokuwa wakinung'unika wakati ule. Mtani aliyasema hadharani, huku anacheka. Manju wetu naye hufanya vivyo hivyo. Mtu aliyekula fedha za chama, au aliyemtupa mama yake mzee, huogopa wimbo kuliko barua ya mwenyekiti.

Sasa nifikie jambo linaloniudhi. Mwaka 2012 kampuni ya Disney ilimnunua Lucas, yaani kampuni yake yenye Star Wars, kwa dola kama bilioni 4. Mwaka 2019 Disney hiyo hiyo ikanunua sehemu kubwa ya kampuni ya Fox, pamoja na The Simpsons, kwa dola kama bilioni 71. Watani wawili wakawa chini ya paa moja. Tarehe 4 Mei 2021, siku ambayo wapenzi wa Star Wars huifanya sikukuu yao, Disney ikatoa katuni fupi yenye Maggie akicheza miongoni mwa mambo ya Star Wars. Ni katuni nzuri kwa macho, haina matusi. Lakini hakuna aliyeambiwa kweli ndani yake. Ni kama tangazo la duka: mkono wa kulia waupigia makofi mkono wa kushoto.

Fikirini tajiri mmoja anawanunua Bagika na Bagalu wote, ngoma zao, manyanga yao, manju wao na uwanja wenyewe. Ngoma zitalia bado. Pengine zitalia vizuri kuliko zamani. Lakini nani ataimba juu ya tajiri?

Naona Padre David Clement, Mkanada wa Shirika la Mapadre Weupe, alilielewa jambo hili. Alipofanya kazi Bujora, karibu na Mwanza, katika miaka ya 1950, hakusema ngoma za Wasukuma zife. Sikukuu ya Bulabo, yaani ya maua, iliyoshikamana na Sikukuu ya Ekaristi Takatifu, ikawa mahali pa Bagika na Bagalu kushindana mbele ya watu wote. Kanisa halikuwafanya kundi moja. Waliachiwa pande zao mbili.

Basi turudi kwa mtoto wetu na sinia la ugali.

Kosa lake nini? Mama, kosa lake si kucheka. Ameuchukua utani wa nyumba ya watu akauleta kwake bila kujua sheria zake. Katika katuni ile, Bart kumwita baba yake kwa jina ni aibu ya Homer: watunzi wanamcheka baba asiyeheshimika kwa sababu hafanyi ya baba. Mtoto wako hakuona hayo. Alisikia neno, akasikia kicheko. Tena hakujua kwamba kwetu utani una mahali pake. Mjukuu na babu ni watani. Mjukuu aweza kumwambia babu “mume mwenzangu” na babu akacheka. Mashemeji hutaniana. Lakini baba na mwana si watani. Baba hawezi kumjibu mwanawe kwa utani bila kujishusha. Imebaki fimbo tu. Na kweli ikabaki fimbo.

Je, katuni ni ya shetani? Tusiwe wepesi wa kusema hivyo. Papa Pius XII katika barua yake ya mwaka 1957, Miranda Prorsus, alifundisha kwamba sinema, redio na televisheni ni vitu vya ajabu vyenye kuweza kuleta mema, na kwamba wazazi wana wajibu wa kuchagua. Tena mwezi wa Oktoba 2010 gazeti la Vatikani, L'Osservatore Romano, liliisifu The Simpsons kwa kuwa jamaa ile husali kabla ya kula na huzungumza habari za Mungu. Lilifika hata kusema Homer ni Mkatoliki! Watengenezaji wenyewe walikanusha. Lakini sifa hizo hazikusema katuni ni ya watoto wadogo. Imo pombe, imo lugha chafu. Ilitungwa kwa watu wazima, ingawa imechorwa kama ya watoto. Hapo ndipo wazazi wengi hudanganyika.

Basi nashauri hivi. Kwanza, baba na mama waketi na mtoto, watazame pamoja hata mara moja. Waulize: Huyu anachekwa kwa nini? Akishindwa kujibu, amecheka bure, na katuni hiyo haijawa yake bado. Akijibu, zungumzeni.

Pili, mtoto akaombe msamaha kwa baba yake, akipiga magoti, mbele ya wale wale waliosikia. Naye baba ampokee. Baba pia ajiulize moyoni, pasipo hasira: Je, nina kitu cha Homer? Je, jioni nimo nyumbani, au nimo kilabuni?

Tatu, mpelekeni mtoto kwa babu yake, akafundishwe kutania kwa adabu. Na mavuno yakiisha, ngoma zikianza, mchukueni uwanjani. Akae karibu na mzee, na kila wimbo aulize, “Anasemwa nani? Amefanya nini? Na hawa wa upande wa pili watajibuje?” Wazee wanaojua majibu hayo wanapungua kila mwaka, na nyimbo zao wengi hawakuziandika popote. Mtoto wa miaka 12 anayejua Darth Vader ni baba wa nani, ajue pia Ngika na Gumha walikuwa nani. Hatapungukiwa chochote. Atakuwa na vicheko viwili badala ya kimoja.

Mama mpendwa, niandikie tena baada ya mavuno, unipe habari za mtoto. Mpe baba yake salamu zangu, na bibi aliyezuia fimbo umpe salamu mara mbili.

Kwaherini, wasomaji. Mungu awabariki nyumbani mwenu. Tutazungumza tena juma lijalo, Mungu akipenda.