Kitanda Kwanza, Tiketi Baadaye
Tangu treni ya umeme ianze kubeba abiria hadi Dodoma mwaka 2024, mashabiki wa Dar es Salaam wamepata ugonjwa mpya: Simba au Yanga ikipangiwa Dodoma Jiji, kila mtu anataka kwenda Uwanja wa Jamhuri. Zamani ilikuwa basi, kilomita 450 hivi, miguu imevimba kabla hujaiona Kibaigwa. Siku hizi ni takribani saa nne. Tiketi ya mpira wala si tatizo. Tatizo ni kitanda. Anayepanga safari atazame kalenda ya Bunge kabla ya ratiba ya ligi, maana kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni ni bajeti, na wabunge, madereva, maofisa, pamoja na wale wenye bahasha ambao kazi zao hatuzijui, wamejaza gesti na hoteli za Dodoma. Mimi niliwahi kuishia kwenye kochi la shemeji, na baridi ya Juni huku haina utani na mtu aliyekuja na jezi tu. Mechi ikiwa Jumapili, fika Jumamosi uwahi mnada wa Msalato: mbuzi anachomwa ukimtazama, chumvi na pilipili pembeni, vumbi bure. Zabibu, kama ni msimu wake, nunua siku ya kuondoka. Zikilala begini zinapondeka. Na tiketi ya treni ya kurudi usikate ya jioni ileile ya mechi. Mechi ikisogezwa mbele, na husogezwa, bao la dakika ya 90 utalisikia redioni ukiwa Morogoro.