UCHAMBUZI: Bei pekee haimchagulii mnunuzi wa India gari wala pikipiki

SERIKALI ya India ilipopunguza ushuru wa magari madogo na pikipiki mnamo Septemba 22, 2025, familia nyingi za kipato cha wastani zilirejelea hesabu ambayo zimekuwa zikiipiga kwa miaka mingi: je, zinunue pikipiki, skuta au hatimaye gari?

Kwa mujibu wa mabadiliko hayo, ushuru wa bidhaa na huduma, maarufu kama GST, uliteremka kutoka asilimia 28 hadi 18 kwa pikipiki zenye injini isiyozidi cc 350. Magari ya petroli yenye injini isiyozidi cc 1,200 na urefu usiozidi mita nne nayo yalitengewa kiwango hicho cha asilimia 18, ilhali magari makubwa yaliwekwa katika asilimia 40. Vyombo vya umeme vilibakia katika asilimia 5.

Ni rahisi kudhani kwamba bei ikishashuka, uamuzi umekwisha. Hata hivyo, historia ya usafiri nchini humo inaonyesha vinginevyo. Bei humvuta mnunuzi hadi dukani, lakini haimwambii iwapo chombo alichokilipia kitamfaa yeye na jamaa zake barabarani.

Takwimu za watengenezaji zinaonyesha uzito wa suala hili. Katika mwaka wa kifedha uliokamilika Machi 2025, pikipiki na skuta zipatazo milioni 19.6 ziliuzwa nchini India, dhidi ya magari ya abiria milioni 4.3. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa kati ya 2019 na 2021 ulibainisha kwamba chini ya asilimia 8 ya familia za taifa hilo zilimiliki gari.

Maana yake ni kwamba kwa Wahindi wengi, pikipiki ndiyo gari la familia. Baba hushika usukani, mtoto mmoja husimama au huketi mbele yake, na mama hukaa nyuma akiwa amempakata mdogo. Sheria ya nchi huruhusu abiria mmoja tu nyuma ya dereva, lakini mahitaji ya nyumbani hayajawahi kuiheshimu sana sheria hiyo.

Ni taswira hiyo iliyomchochea marehemu Ratan Tata, aliyekuwa mwenyekiti wa kundi la kampuni za Tata, kuagiza kubuniwa kwa gari ambalo familia ya aina hiyo ingeweza kumudu. Nano ilizinduliwa jijini Delhi mnamo Januari 2008 kwa ahadi ya kuuzwa rupia laki moja. Ulimwengu ulilisifu kama gari la bei ya chini kuliko yote.

Mkosi haukuchelewa. Maandamano ya wakulima kuhusu ardhi ya kiwanda huko Singur, katika jimbo la West Bengal, yaliilazimisha kampuni hiyo kuhamia Sanand, Gujarat, mnamo Oktoba 2008. Baadhi ya magari yalishika moto baada ya mauzo kuanza mwaka wa 2009. Lakini kilichoiua Nano hasa kilikuwa sifa yake yenyewe.

Familia iliyojinyima kwa miaka kadhaa ili iache kupanda skuta haikutaka majirani waione ikishuka kutoka gari lililotangazwa kuwa la wasiojiweza. Tata mwenyewe alikuja kukiri kwamba kulinadi gari hilo kwa urahisi wake lilikuwa kosa. Fauka ya hayo, mlango wa nyuma wa matoleo ya awali haukufunguka, hivi kwamba mizigo ilibidi kupitishiwa ndani, juu ya viti. Kufikia Juni 2018, kiwanda kilitengeneza Nano moja tu mwezi mzima, na muda mfupi baadaye uzalishaji ukakoma.

Pengo kubwa zaidi lilikuwa la usalama. Mnamo Januari 2014, shirika la Global NCAP lilitangaza matokeo ya majaribio ya kugongesha magari matano madogo yaliyokuwa yakiuzwa India bila mifuko ya hewa. Yote yalipata nyota sufuri, Nano ikiwemo. Gari lililobuniwa kuiondoa familia katika hatari ya skuta halikuwa na kinga ya kutosha kwa familia hiyo hiyo.

Wahenga walisema rahisi ni ghali. Mwaka wa 2022, watu wapatao 168,000 walifariki katika ajali za barabarani nchini India, na zaidi ya asilimia 44 ya waliokufa walikuwa juu ya pikipiki au skuta. Kwa hivyo, anayechagua chombo cha kubebea watoto wake hachagui tu ukubwa wa deni la benki.

Tangu wakati huo hali imeboreka. Tata Nexon ilikuwa gari la kwanza lililoundwa India kupata nyota tano, mnamo Desemba 2018. Serikali nayo ilianzisha mpango wake wa kupima usalama wa magari, Bharat NCAP, mnamo Oktoba 2023. Mnunuzi wa leo anaweza kuuliza idadi ya nyota kabla ya kuuliza rangi. Kwa upande wa pikipiki, kuanzia Aprili 2019 zile zinazozidi cc 125 zililazimishwa kuwa na breki za ABS zinazozuia magurudumu kujifunga, huku ndogo zaidi, ambazo ndizo kipenzi cha wengi, zikiruhusiwa kutumia mfumo hafifu zaidi unaounganisha breki ya mbele na ya nyuma.

Baada ya usalama, linafuata swali la kazi. Pikipiki ya cc 100, mathalan Splendor ya kampuni ya Hero, imetawala vijijini kwa sababu ina magurudumu makubwa yanayostahimili mashimo, vipuri vyake hupatikana kila soko na fundi wa kando ya barabara huijua kama kiganja chake. Skuta isiyo na gia, kama vile Activa ya Honda iliyoingia sokoni mwaka wa 2001, iliteka miji. Mwanamke aliyevaa sari hupanda bila taabu, na sakafu yake bapa hubeba kapu la sokoni au hata mtungi wa gesi.

Kisha kuna mafuta, swali ambalo mnunuzi wa India haliachi kamwe. Chukua mfano wa mfanyakazi anayesafiri kilomita 30 kwa siku, siku 25 kwa mwezi. Jumla ni kilomita 750. Pikipiki inayokwenda kilomita 60 kwa lita itatumia lita 12 na nusu. Gari dogo linalokwenda kilomita 15 kwa lita katika msongamano wa jiji litameza lita 50. Petroli ikiwa rupia 100 kwa lita, tofauti ni rupia 1,250 dhidi ya 5,000 kila mwezi, kabla ya bima, maegesho na matengenezo.

Hesabu hiyo ndiyo huzifanya familia nyingi kumiliki vyote viwili: pikipiki ya kazini kila siku, na gari la harusi, hospitali na msimu wa mvua. Kwa asiyeweza kumudu vyote, wadadisi wa mambo wanaona ni busara kuhesabu safari za mwaka mzima badala ya kununua gari kwa ajili ya safari mbili za sikukuu.

Hata hesabu nzuri inaweza kupinduliwa na maamuzi ya serikali. Jijini Delhi, amri ya mahakama ya mazingira ya mwaka wa 2015, iliyoungwa mkono na Mahakama ya Juu mnamo 2018, ilipiga marufuku magari ya dizeli yaliyozidi miaka 10 na ya petroli yaliyozidi miaka 15. Mnamo Julai 2025, jaribio la kuyanyima mafuta magari hayo lilizua ghadhabu na kusitishwa baada ya siku chache. Aliyenunua dizeli ya mitumba kwa bei ya kutupa alijikuta na chombo kizima kisicho na uhakika wa kesho.

Kadhalika, mwaka wa 2025 wenye magari ya zamani walilalamika kwamba petroli iliyochanganywa na asilimia 20 ya ethanoli ilikuwa ikipunguza umbali wa safari na kuhatarisha injini zao. Serikali ilisisitiza kwamba athari ni ndogo, na Mahakama ya Juu ikatupilia mbali kesi ya kupinga mafuta hayo mnamo Septemba 1 mwaka huo. Vyombo vya umeme navyo vimefaidi ushuru nafuu, ingawa visa vya skuta kushika moto mwaka wa 2022 viliwafunza wanunuzi kuchunguza ubora wa betri na dhamana yake.

Mambo haya hayaishii Delhi wala Pune. Pikipiki za Boxer na TVS zinazojaa katika vituo vya boda boda kote nchini Kenya asili yake ni India, sawa na tuktuk nyingi za Mombasa. Tofauti ni kwamba pikipiki ambayo India huipeleka familia kazini, Kenya ndiyo kazi yenyewe. Hivyo basi, mwendeshaji wa boda boda anayeangalia bei na ulaji wa mafuta bila kuuliza kuhusu breki, anarudia hesabu ya nusu iliyowagharimu wengi ng'ambo ya Bahari Hindi.

Ushuru uliopunguzwa umewasogezea Wahindi wengi gari karibu, na hilo ni jambo la kupongezwa. Hata hivyo, Nano nayo ilikuwa karibu na mifuko yao, na bado waliiacha. Mnunuzi mwerevu ataanza na idadi ya watu atakaowabeba, barabara atakayoipitia na usalama anaoutaka, kisha ndipo aulize bei. Atakayeanza na bei huenda akalipa mara ya pili, na malipo ya mara ya pili aghalabu hayawi ya pesa.