MAARIFA YA NYUMBANI: Hamira Hupima Sukari Kabla ya Kula

Juma lililopita alinijia jirani yangu mmoja hapa Bunju, mama auzaye vitumbua asubuhi. Mkononi alishika sufuria ya rojo lililolala usiku kucha bila kuumuka. Mchele, tui la nazi, sukari, vyote hasara. Na fedha ya vitumbua ndiyo inunuayo madaftari ya wanawe.

“Karani, hamira hii imelogwa?”

“Hapana, mama. Uliichanganya na maji gani?”

“Ya moto, ili ifanye haraka. Tena niliiongezea sukari nyingi ipate nguvu.”

Basi hapo ndipo palipokuwa na kosa. Hamira si unga tu. Ni viumbe hai, vidogo mno. Katika gramu moja wamo kwa mabilioni. Louis Pasteur, mtaalamu wa Ufaransa, alionyesha kati ya 1857 na 1860 kwamba kuchacha ni kazi ya viumbe hai kama hao. Maji ya moto sana huwaua. Sukari ikizidi, huwanyonya maji ya mwilini, nao hulegea wasiweze kazi.

Ajabu ni kwamba kiumbe huyu asiye na ulimi huionja sukari. Katika ngozi yake mna vipokezi viwili vya kupeleka habari ndani: kimoja hutambua sukari iliyo haba, cha pili hutambua sukari iliyo tele. Kwa habari hiyo hamira huweka milango ya kupitishia chakula. Sukari ikiwa haba, huweka milango inayoikamata kwa nguvu. Ikiwa tele, huweka ya namna nyingine.

Tena huchagua. Sukari aipendayo kuliko zote ni glukosi. Maadamu ipo, hufunga vyombo vyake vya kulia sukari nyingine, kama ile ya kimea cha ulezi watiacho Wachaga katika mbege. Glukosi ikiisha, hupumzika kidogo, akatengeneza vyombo vipya, ndipo akaendelea kula. Havipotezi nguvu kwa kutengeneza chombo asichokihitaji.

Sukari ikiwa tele, hamira hutoa hewa ya ukaa na kileo. Hewa hiyo ndiyo iumuayo vitumbua, na kileo hutoka motoni. Lakini katika tembo la mnazi kileo hubaki. Utomvu ni mtamu, na hamira ya porini huingia kibuyuni tangu mgema anapogema. Kwa hiyo, wazazi, msiwape watoto tembo kwa kusema, “Hili ni tamu bado.” Utamu haumaanishi kwamba kileo hakimo, na kufikia jioni limekuwa kali. Likiachwa zaidi, vijidudu vingine hukigeuza kileo kuwa siki.

Na sisi je? Chombo kimoja kiiambiacho hamira kwamba chakula kimepungua kina ndugu yake katika miili yetu, nacho husaidia kupima nguvu iliyobaki katika chembe za mwili. Wataalamu wanaoshughulika na ugonjwa wa kisukari wanakichunguza sana.

Sasa akina mama, shikeni njia hii. Chukua nusu kikombe cha maji ya vuguvugu, yasiyouunguza mkono. Tia kijiko kidogo cha sukari na hamira, funika, ngoja dakika kumi. Povu likipanda, hamira ni hai. Changanya na rojo lako. Lisipopanda, mwaga kikombe hicho tu, usipoteze mchele.

Jirani yangu alifanya hivyo usiku uleule kwa hamira mpya. Alfajiri alinipitishia vitumbua vitatu katika sahani, akasema, “Hivi si vya kulipa, Karani.” Nilivila na chai ya rangi kabla sijafungua ofisi.

Hadi juma lijalo.