ASIYESIKIA SI MKAIDI



Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Methali hii twamsomea mtoto aliyeitwa mara tatu asiitike, kisha twamchapa. Leo twauliza: tumepata kupambanua baina ya aliyekataa kusikia na asiyeweza kusikia?

Tutazame mbali na pwani yetu. Mshangano ni kata ya Manispaa ya Songea, mkoani Ruvuma. Mtoto wa huko akitoka usaha sikioni, wazazi humpeleka hospitali ya mkoa mjini Songea, au ya misheni Peramiho. Lakini aliyezaliwa kiziwi hana homa wala kidonda. Mama haoni la kumpelekea kwa daktari, mpaka umri wa kusema upite na kimya kibaki. Basi hesabu ya hospitali ni hesabu ya waliofika tu. Iwe Mshangano, iwe Makunduchi, iwe Wete, mambo ni hayo kwa hayo.

Na hao waliofika, je? Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2021, lilikadiria kuwa watoto milioni 34 duniani wana upungufu wa kusikia unaohitaji msaada, na kwamba asilimia 60 ya upungufu huo kwa watoto watokana na mambo yanayozuilika. Miongoni mwake ni surua, rubela impatayo mama mja mzito, homa ya uti wa mgongo, manjano kali ya mtoto mchanga, usaha usiotibiwa, na dawa kama jentamaisini, iokoayo roho na pengine ikaharibu sikio. Mengi ya hayo ndiyo yanayomlaza mtoto hospitali. Kwa hiyo wodini ndipo pa kutafuta kwanza. Mtoto akipona bila ya kupimwa masikio, twamrudisha nyumbani nusu.

Hatusemi kwamba hakuna lililofanywa. Chanjo ya surua na rubela iliingizwa nchini mwaka 2014. Mwaka 2017 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilipandikiza kwa mara ya kwanza chombo cha kusikilizia ndani ya sikio. Twashukuru. Lakini tiba hiyo ina gharama kubwa, na kwa aliyezaliwa kiziwi, kila mwaka unaopita hupunguza faida yake. Kipimo cha mtoto mchanga, kinyume chake, ni chombo kidogo kinachotiwa sikioni hali amelala, na huchukua dakika chache.

Basi twadai mambo mawili. Kila mtoto anayezaliwa apimwe masikio kabla ya kutimiza mwezi mmoja. Na kila aliyeugua homa ya uti wa mgongo apimwe kabla ya kupewa ruhusa. Afya si jambo la Muungano. Serikali ya Zanzibar haina haja ya kungoja Dodoma iamue ndipo nayo ianze.

Nasi wanachama tuna wajibu wetu. Mwenye mtoto asiyeshtuka mlango ukigongwa, ampeleke kwa daktari kesho, wala asitafute kwanza shetani wa kumsingizia. Fimbo tuiweke chini. Mficha maradhi mauti humuumbua, na Serikali isiyopima ni mficha maradhi wa taifa zima.