Wauguzi wanaondoka, na sisi tunasema "ni wito"

Katika hospitali na vituo vya afya vya makanisa yetu, kutoka Ituri hadi Kivu ya Kusini, hadithi ni ileile. Muuguzi mmoja ameingia shirika la kimataifa, mwingine amefungua duka la dawa. Wa tatu yupo bado kwenye orodha ya zamu, lakini moyo ulishaondoka. Tukiuliza sababu tunajibiwa: pesa. Ni kweli, ila si ukweli wote.

Habari ya pesa wapendwa wasomaji mnaijua. Wauguzi wengi hawako kwenye orodha ya mishahara ya serikali. Wengine wanapata prime ya hatari bila mshahara. Wanaobaki wanaishi kwa prime locale, yaani kugawana kinachosalia katika malipo ya wagonjwa, na kijiji kikikimbia vita hakuna cha kugawana. Benki za Goma zilipofungwa mwaka 2025, hata mwenye mshahara alihangaika kuushika mkononi.

Lakini chukueni wauguzi wawili wenye malipo duni sawasawa. Mmoja anaondoka, mwingine anabaki. Kwa nini?

Mwaka 1983 mwanasosholojia wa Marekani, Arlie Hochschild, alitoa kitabu kuhusu wahudumu wa ndege. Aliona kwamba kazi yao si kubeba sinia tu. Wanalipwa pia ili watawale hisia zao, watabasamu mbele ya abiria anayewatukana. Aliita jambo hilo kazi ya hisia, na akaonyesha njia mbili za kuifanya: kuvaa sura ambayo moyoni haimo, au kujitahidi moyo wenyewe ufuate sura. (Sisi wachungaji tunaosimama mlangoni baada ya ibada tunaelewa vizuri anachosema.) Watafiti waliofuata waliangalia wauguzi katika nchi nyingi, na mara kwa mara wameona kwamba anayeishi kwa kuvaa sura huchoka upesi, furaha ya kazi hupungua, na wazo la kuacha huingia. Lakini anayeridhika na kazi yake, anayesikilizwa na kuheshimiwa, hubeba mzigo uleule kwa muda mrefu zaidi.

Sasa tuangalie kwetu. Mama anafika usiku, anapasuliwa, mtoto anapona. Muuguzi alimshika mkono mpaka asubuhi. Siku ya kutoka, muuguzi yuleyule anatumwa kumwambia mama kwamba hatoki mpaka alipe. Kuzuia wagonjwa kwa sababu ya deni ni desturi ya hospitali nyingi za nchi yetu, na za makanisa zimo. Mweka hazina anakaa ofisini na daftari lake. Aibu inabebwa na yule aliyemfariji mama, na matusi ya familia yanamwangukia yeye. Prime yake pia inatoka katika deni lile. Ampendeje mgonjwa kwa moyo wote, huku akimlinda asitoroke?

Ongeza vita na magonjwa. Ebola ya 2018 hadi 2020 iliua watu 2.287 katika Kivu ya Kaskazini, Ituri na sehemu ndogo ya Kivu ya Kusini. Wauguzi walihudumia watu waliowashuku kwamba wao ndio wanaoleta ugonjwa. Huko Butembo, tarehe 19 mwezi wa nne 2019, daktari wa OMS, Richard Mouzoko, aliuawa ndani ya hospitali. Mwezi wa kwanza 2025, vita vilipoingia Goma, hospitali ya CBCA Ndosho ilipokea majeruhi kwa mamia. Ilibidi muuguzi awe na uso mtulivu hata kama hajui watoto wake wamelala wapi.

Makanisa yetu ni waajiri, jambo tunalolisahau kwa urahisi. Muuguzi akidai malipo au pumziko, tunamkumbusha wito. Neno hilo ni zuri, lakini likitumiwa kumnyamazisha linamwongezea sura ya kuvaa: sasa hata mbele ya mkubwa wake lazima aonekane ana furaha. Eliya alipochoka na kuomba kufa chini ya mti, malaika hakuanza na mahubiri juu ya utume wake. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena.

Hospitali isiyo na pesa ina pa kuanzia. Mazungumzo ya deni yafanywe na ofisi ya fedha pamoja na mashemasi, si na aliyemzalisha mama. Muuguzi aliyefiwa na mgonjwa mikononi apewe saa ya kuketi kabla ya kitanda kinachofuata. Kapelani apite pia chumba cha wauguzi, bila kupeleka siri zao kwa mkurugenzi. Na hesabu ya prime locale isomwe wazi kila mwezi, maana kidogo kinachogawanywa gizani kinauma kuliko kidogo kinachoonekana. Kamati za usimamizi zinazokutana mwezi huu zinaweza kuanza na hesabu hiyo, wauguzi wenyewe wakiwa wameketi mezani.